Mzigo Uliotoka Bila Bei

Kariakoo, Dar es Salaam, hakuna kazi ya bure. Winga anayekudaka Mtaa wa Congo akakuingiza kwenye duka lisilo lake, anapata chake juu ya bei. Anayebeba robota kichwani ana bei yake, anayekulindia pikipiki ana bei yake, na anayekuonyesha choo kilipo hujisimamisha kidogo akisubiri chochote. Nimeuza madera na vijora kwenye mtaa huo tangu nikiwa msichana nikimsaidia shangazi, na sheria ninayoijua ni moja: ukitaka mali yangu, tupatane kwanza. Shindano moja la kuimba la televisheni lilichukua mali yangu bila kupatana nami, na kwa muda mrefu watu wote, pamoja na mama yangu mzazi, waliona nimepewa mimi.

Shindano sitalitaja. Sina ugomvi na jina, nina ugomvi na utaratibu.

Wakati huo nilikuwa naimba kwenye sherehe za singo na kicheni pati za Ilala, Magomeni hadi Mbagala, natunzwa, narudi nyumbani na nauli na cha kuanzia wiki. Marafiki wakanisukuma niende usaili. Tulijaza fomu tumesimama kwenye foleni, mgongo wa aliye mbele ndiyo meza. Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, maandishi madogo, kurasa kadhaa, na dada wa mapokezi alikuwa anahimiza: "Saini chini, saini chini, twende."

Kabla ya kuingia kwa majaji alipita kijana na kipaza sauti. Wavulana waliokuwa mbele yangu aliwauliza wanaimba muziki gani na nani amewavutia. Aliponifikia mimi akauliza, "Dada, una watoto? Baba yao yupo?" Nikamjibu kwa adabu kama mtu anavyojibu akiulizwa hali: ninaye mmoja, baba yake aliondoka mimba ikiwa changa. Akaandika. Nilipoingia ndani, jaji alikuwa na habari hiyo kabla sijataja hata jina langu.

Niliimba vizuri. Hilo nalisema kwa sababu hakuna aliyelisikia. Baada ya wimbo likaja swali: huyo mwanaume akikuona leo, utamwambia nini? Nikalia. Kamera ilisogea karibu kwanza, leso ikaletwa baadaye.

Kipindi kiliporushwa, tulikuwa ukumbini kwa shangazi, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Wimbo wangu ulipewa mstari mmoja. Kilio kikapewa dakika, kinanda cha huzuni kikiwa chini yake, kisha ikatokea sura ya jaji anacheka. Yule jaji hakucheka. Nilikuwa nimesimama mbele yake, alikuwa ameinamia meza. Kicheko kilitolewa kwingine kikashonwa pale, na mimi ni fundi cherehani, mshono naujua.

Yaliyofuata mtaani yalikuwa na kelele, ila hayakuniua. Sura yangu ikawa stika ya WhatsApp, watu wanatumiana mshahara ukichelewa au timu ikifungwa. Mawinga walikuwa wakiniona wananililia kwa sauti halafu wanacheka. Nilishazoea, Kariakoo ukiwa na kigimbi kikubwa utapewa jina. Lililouma mfukoni lilikuwa mali kauli. Mzee aliyekuwa ananipa mzigo wa madera nilipe nikishauza, mtu wa swala tano na mpole sana, aliniita akasema, "Binti yangu, biashara inataka heshima." Hakunifokea. Alinikatia tu. Bila mali kauli, fremu ya duka niliyokuwa nachangia kodi yake isingefika mwezi kwa mtaji wangu, na haikufika.

Hayo yote nayaweka upande mmoja. Upande wa pili yupo mwanangu. Alikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nimemwambia baba yake yuko safarini, anatafuta maisha, na nilipanga kumweleza vizuri akikua, kwa maneno yangu, siku nitakayoichagua. Alielezwa na wenzake uwanjani wakati wa mapumziko, kwa sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye simu ya dada wa mwanafunzi mmoja. Alirudi hakuuliza kitu. Alikaa siku nyingi hataki kunishika mkono barabarani tukienda kupanda gari. Ile ndiyo mali ninayosema ilichukuliwa. Ilikuwa yangu na yake, na hakuna jaji aliyekuwa na haki ya kuifungua.

Nikilalamika, watu walikuwa na jibu tayari: mbona Mtanzania mwenzetu Idris Sultan alikwenda Big Brother Africa, shindano la kuishi nyumba moja mbele ya kamera, mwaka 2014 akarudi na dola 300,000? Ni kweli, na tulifurahi. Lakini mimi ninakumbuka pia 2007, Richard Bezuidenhout alipotuletea ushindi wa kwanza, dola 100,000, mji ukajaa sifa. Wiki chache kabla ya ushindi huo, picha zake akiwa na mshiriki mwenzake wa Nigeria baada ya ulevi zilikwenda hewani, na kukazuka malalamiko makubwa, hasa kwao Nigeria, kwamba dada yule alikuwa amelewa kiasi cha kutoweza kukubali wala kukataa. Jina lake silitaji, limetajwa vya kutosha. Kipindi kiliendelea hadi fainali. Mitaani kwetu mjadala ulikuwa nani apigiwe kura.

Na kabla ya hapo, 2003, msimu wa kwanza, wabunge wa Malawi walitaka televisheni ya taifa lao iache kukionyesha kipindi hicho, kwa sababu ya maadili. Washiriki walikuwa wanaonyeshwa wakioga. Ninavyoona mimi, hasira yote ilikuwa kwa ajili ya macho ya watazamaji na watoto wao. Aliyekuwa bafuni akitazamwa Afrika nzima hakuwa na mtetezi, alihesabiwa upande wa wakosaji.

Sisemi televisheni haiwezi kumpa mwanamke heshima. Niliwatazama wakulima wa Mama Shujaa wa Chakula, mpango wa Oxfam, walipoingia kwenye kijiji cha Maisha Plus, kipindi ambacho mchora katuni Masoud Kipanya ni miongoni mwa waanzilishi wake. Walikuwa kina mama wa vijijini, kamera ziko nao mchana na usiku kama kwingine, lakini walizungumzia ardhi, mbegu na soko, na mtazamaji alibaki anajua wanachokijua. Kamera ni ileile. Tofauti ni swali lililotangulia. Mwanamume anaulizwa anaweza nini, mwanamke anaulizwa ameumizwa na nani, na jibu lake linauziwa matangazo kati ya dakika na dakika huku mwenyewe akirudi kwa daladala ya nauli yake.

Kilichonitoa kwenye shimo hilo ni mchezo wa kupeana fedha kwa zamu. Tulikuwa wanawake wa mtaa mmoja, kijumbe wetu muuza vitumbua, na zamu yangu ilikuwa mbali. Alikuja nyumbani na fedha za zamu yake yeye, akaniwekea kwenye mkeka. "Utanirudishia ikifika yako. Usinishukuru, nenda kanunue kitambaa." Nikanunua jora, nikashona nyumbani usiku, nikauza kwa kutembeza maofisini Posta ambako wengi hawakunijua. Taratibu nikarudi Kariakoo, safari hii kwa mtaji wangu, fundi na muuzaji nikiwa mtu mmoja.

Dada wa msaada wa kisheria aliisoma ile fomu akanieleza kwa Kiswahili: nilikuwa nimewapa sauti, sura na habari za maisha yangu, popote, milele. Akasema Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa ya hiari na hoja ipo, ila kesi ni ndefu. Tukaandika barua. Klipu ikaondolewa kwenye ukurasa wao, nakala zikabaki kwa watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotaka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa lengo gani, ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, stika yangu ikiwa imeshazeeka.

Mwanangu sasa yuko sekondari. Tulizungumza, mara nyingi. Kuimba sikuacha; napokea nusu ya malipo kabla sijashika maiki.

Mwezi uliopita binti anayenisaidia dukani alikuja na fomu ya usaili. Ana sauti, na ana mtoto. Sikumkataza. Tuliisoma yote kwenye simu kwa kutafsiri, kisha akachukua kalamu, akakata kipengele kimoja na kuandika pembeni kwa mkono wake: sitaulizwa habari za mtoto wangu wala baba yake. Kule alikopeleka, kijana wa mapokezi alimwambia fomu haiandikwi juu. Binti akamjibu kwamba basi wapatane. Akaambiwa asubiri simu. Alirudi mchana, tukaendelea kupanga mzigo wa Iddi, na jioni akafanya mazoezi ya wimbo wake mbele ya wateja, ambao wawili walimtunza.