Kopi na pesti katika mashamba ya tequila

Basi wadau, mjini Tequila, jimbo la Jalisco, Mexico, nilizungushwa mashambani kwa farasi. Agave ya bluu ni ndugu ya mkonge wetu wa Mwatate. Wakulima hukata shina la ua kabla halijachanua ili sukari ibaki ndani, kisha hupanda machipukizi ya mmea mama. Yaani kopi na pesti, shamba zima! Mtengeneza programu lazima aogope: hitilafu moja, mashine zote chini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa ulifyeka mashamba mengi. Popo nao hukosa maua, ingawa baadhi ya wakulima sasa huacha mimea michache ichanue.

Tulionja glasi tatu (farasi hakupewa). Ukinunua, tafuta chupa iliyoandikwa agave asilimia 100. Nyingine huruhusiwa sukari ngeni hadi asilimia 49.