Bashi Letu na Mbegu za Karanga

Tumeombwa tueleze yaliyotupata njiani kati ya Kasongo na Kabambare. Tumekubali, ingawa habari yenyewe haitupi sifa.

Tulikuwa vijana wanane wenye baiskeli nne. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, wakati ambapo kiangazi cha Maniema ya kusini kinakwisha na kila mkulima anatazama mawingu. Baiskeli zilibeba magunia manne ya mbegu za karanga, zilizochangwa na familia za Kasongo kwa ajili ya watu waliokimbia vijiji vyao na kupewa vipande vya mashamba karibu na Kabambare. Njia ni ya zaidi ya kilomita 100, na kwa sehemu kubwa baiskeli haipandwi, husukumwa.

Mvua ilitukuta alasiri ya siku ya pili, ikanyesha hadi alfajiri. Hatukuwa na hofu. Kila gunia lilikuwa limefunikwa kwa bashi, yaani turubai la plastiki, nasi tulikuwa tumelikunja mara mbili ili liwe nene, kisha tukalikaza kwa kamba. Tulilala kwa amani. Siku ya nne, tulipofungua mizigo mbele ya wenyeji wetu, harufu ya uvundo ilitoka kabla hata hatujaingiza mkono. Magunia mawili yalikuwa yameloa. Punje zilikuwa zimevimba, baadhi zimekwisha kuchomoza mche mweupe, na nyingine zimeshikwa na ukungu.

Hatutaandika hapa maneno tuliyoambiana jioni ile. Inatosha kusema kwamba kila mmoja alimtafuta mwenzake wa kumtwika kosa. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli, ambaye tulilala uani kwake, alitusikiliza kwa muda mrefu. Kulipopambazuka alichukua bashi letu, akalikunjua, akalinyanyua kuelekea jua. “Wanangu,” akasema, “njoni mtazame kutoka upande huu.” Tukatazama. Penye kila alama ya kukunjia palikuwa na mstari wa vitundu vidogo vinavyopitisha mwanga.

Ndipo tulipojifunza jinsi kitu hicho kilivyotengenezwa. Ndani ya bashi mna nyuzi za plastiki zilizofumwa kama mkeka, na juu ya nyuzi hizo, pande zote mbili, umepakwa utando mwembamba wa plastiki. Nyuzi hulipa bashi nguvu lisichanike, lakini hazizuii maji, kwa maana kati ya uzi na uzi mna nafasi. Anayezuia maji ni ule utando mwembamba. Jua huukausha hata ukawa mkavu na mwepesi kuvunjika, na mahali pa kwanza kuvunjika ni kwenye mkunjo. Bashi letu lilikuwa limekaa miaka miwili juu ya paa la jiko. Tulipolikunja mara mbili tuliongeza unene, na papo hapo tukaongeza nyufa. Maji yaliyoingia kati ya tabaka mbili hayakupata pa kutokea, na kamba ikayagandamiza juu ya gunia usiku kucha.

Jambo lililotuaibisha zaidi ni hili: usiku ule wa mvua tulikuwa tumelala chini ya paa la nyasi, na halikuvuja hata tone. Paa la nyasi limejaa matundu. Ukilala chali mchana unaona mwanga ukipenya hapa na pale. Lakini maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, na hupenda kuambaa na kitu yalichokigusa. Tone likiangukia unyasi huufuata, hupokewa na unyasi ulio chini yake, na kwa sababu paa lina mteremko mkali, hufika ukingoni kabla halijapata nafasi ya kushuka ndani. Lilaze paa hilohilo kama meza, litavuja siku hiyo hiyo. Jani la jimbi nalo lina njia yake: uso wake una vinundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vilivyopakwa nta, hata tone hubaki duara na kuviringika kama gololi. Jani ni jembamba, na halilowi.

Mke wa fundi, mama anayefinyanga vyungu, aliongeza la kwake alipotuona tunashangaa. Chungu kipya, alisema, hutoka motoni kikiwa na vitundu vingi kama mkate. Cha kupikia yeye hukichemshia kwanza uji mzito, ili unga uingie katika vitundu hivyo na kuviziba. Lakini mtungi wa maji ya kunywa hauzibi kamwe. Huuacha utoe jasho, kwa sababu maji yanayotoka nje kidogo kidogo hukauka kwa upepo, na katika kukauka huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Tulikunywa maji ya mtungi ule. Yalikuwa baridi kweli.

Fundi alikuwa na kazi mkononi, hivyo aliendelea kutufundisha huku akiifanya. Alizamisha mpira wa ndani wa gurudumu katika beseni la maji, akatafuta povu, akapata tundu, akalikwaruza na kulibandika kiraka. Akatuambia kwamba hata mpira usio na tundu hupungua hewa baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa hewa hupenya polepole katikati ya mpira wenyewe. Basi hakuna kitu kinachozuia kila kitu. Kila kizuizi kina kile kinachokishinda.

Mpira! Hapa hatukuweza kunyamaza, kwa kuwa ni neno zito katika nchi yetu. Mwaka 1823 Charles Macintosh, huko Glasgow, aliyeyusha utomvu mkavu wa mpira, akaupaka katikati ya vitambaa viwili, akapata koti lisilopitisha mvua. Koti hilo lilikuwa gumu wakati wa baridi na lilinata wakati wa joto, mpaka Charles Goodyear wa Marekani alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto hutulia. Mwaka 1888 John Dunlop akatengeneza gurudumu la kujazwa hewa, na dunia ikataka mpira kupita kiasi. Kasongo ilitekwa na majeshi ya Leopold Aprili 1893, kutoka mikononi mwa watu wa Tippu Tip waliokuwa wamekwisha kuwatesa wazee wetu kwa biashara ya watumwa na pembe. Katika Dola Huru la Kongo, lililodumu tangu 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kwa mijeledi na bunduki kuleta utomvu wa mimea itambaayo ya msituni. Wengi walikufa ili wageni wasiowajua watembee mvuani bila kulowa. Fundi alisikiliza, akatikisa kichwa, akaendelea kukata kiraka kingine.

Tukarudi kwenye magunia. Mmoja wetu alishauri tuzikaange zile zilizoloa na kuziuza, tupate walau fedha ya kununua nyingine. Mama alikataa kwa ukali. Ukungu wa karanga huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, inayodhuru ini, na moto wa kukaangia hauimalizi. Zilizoota ukungu tukazifukia. Zilizovimba tu tulizianika kwenye mikeka, na mama akachukua punje kumi kutoka kila gunia, akazifunga katika vitambaa vibichi. Baada ya siku tano, za magunia makavu zilikuwa zimeota tisa na nane. Za magunia yaliyoloa zilikuwa zimeota tatu, na mbili.

Wenyeji walizigawa zilizokuwa nzima. Familia zilizoandikwa mwishoni mwa orodha zilipata nusu ya ahadi, na baba mmoja mwenye watoto sita alipokea fungu lake bila kutuuliza lolote. Tungependelea atuulize.

Wiki mbili baadaye tulirudi na magunia mawili mengine. Katika soko la Kasongo tulilinyanyua kila bashi kuelekea jua, mkunjo kwa mkunjo, hata muuzaji akakasirika na kutuambia tununue au tuondoke. Tulinunua la tatu.