UMOJA NI NGUVU, LAKINI NGUVU YA KUFANYA NINI?

Wahenga walisema umoja ni nguvu, nami tangu shule ya msingi nimeuandika msemo huu katika insha zangu bila kuuliza: nguvu ya kufanya nini? Swali hili lilinijia niliposoma habari za Georges Rutaganda.

Huyu bwana alikuwa Mnyarwanda, msomi wa kilimo na mfanyabiashara mwenye mali. Tena alikuwa makamu wa rais wa Interahamwe, yaani vijana wa chama tawala cha MRND. Kwa Kinyarwanda jina hilo ni kama kusema "wanaosimama pamoja". Jina tamu, sivyo? Hata chama chetu cha Kiswahili kingeweza kupewa jina kama hilo!

Ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, vijana hao waliweka vizuizi barabarani, wakawaua Watutsi pamoja na Wahutu waliopinga siasa ya serikali. Mjini Kigali, watu wengi walikimbilia shule ya ufundi iitwayo ETO kwa kuwa palikuwa na askari Wabelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 askari wakafunga virago. Interahamwe wakaingia wakiua, na walionusurika wakaswagwa kama ng'ombe hadi Nyanza, wakauawa huko. Rutaganda alikuwemo. Shuleni, wenzangu! Mahali penye madawati na ubao kama hapa petu.

Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha tarehe 6 Desemba 1999. Alifariki nchini Benin mwaka 2010 akiwa bado mfungwa.

Msidhani ati mambo haya ni ya mbali. Kabla ya uchaguzi wa 2022, bwana mmoja alikuja mtaani kwetu akiwagawia vijana fulana na pesa ya soda. Akawaambia, "Nyinyi ni jeshi langu, mkae pamoja." Kaka yangu alitaka sana kwenda. Mama akamuuliza, "Mkae pamoja mfanye nini?" Kaka akakosa jibu, akavua viatu, akabaki nyumbani.

Basi vijana wenzangu, tukiitwa kuungana, tuulize kama mama alivyouliza. Anayetuita kwa wema hatakasirika kuulizwa.