Kadi isiyo na feni, nyumba ya Katoro

Poleni na UE. Niliahidi kuandika kuhusu kompyuta ya nyumbani, haya, leo nimepata upenyo.

Kwa wasiojua, kwetu ni Katoro, Geita. Mbele ya nyumba malori, nyuma makarasha ya wachimbaji wadogo yanasaga mawe kutwa. Vumbi lake laini kama unga wa sembe. Halafu mzee ni mlinzi wa usiku, mchana analala sebuleni, hatua tatu kutoka kwenye kompyuta. Kadi iliyopo ina kafeni kadogo, kakijaa vumbi kanalia kama mashine ya kusaga. Mzee anageuka, anakohoa, hasemi kitu. Bora angefoka! Saa 12 jioni anaingia lindo hajalala, na ukikutwa umesinzia lindoni machimboni, kazi huna.

Mimi nami nina mradi wa mwaka wa mwisho, kuzungusha modeli za miamba za 3D, bila kadi haziendi. Kwa hiyo natafuta isiyo na feni kabisa, ile yenye bonge la mapezi ya alumini tu.

Ya bei poa ni GT 1030 ya mwaka 2017. Inakula wati 30, memori GB 2. Angalieni jamani: mwaka 2018 ilitoka nyingine kwa jina hilohilo ila memori yake ni DDR4, kasi yake kama theluthi tu ya ile ya GDDR5. Muuzaji atakwambia "zote sawa mdogo wangu". Soma boksi.

Ya pili ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024. Wati 70. Palit wanayo isiyo na feni, inaitwa KalmX. Nilichoipendea, umeme wote inauchukua kwenye sloti yake, ambayo mwisho wake ni wati 75, haihitaji waya wa ziada. Kompyuta za mtumba za maofisini mara nyingi huo waya hazina. Ila ni nene, zile kompyuta nyembamba za kulaza haiingii.

Sasa joto. Wati 70 ni kama kuwasha balbu ya zamani ndani ya boksi, chini ya bati, kiangazi cha kwetu! Mapezi peke yake yatazidiwa, kadi itapunguza mwendo. Lazima boksi liwe na feni yake moja kubwa ya sentimita 12, izunguke taratibu. Mtu atasema basi si kimya kamili. Sawa, ila feni kubwa ya mwendo mdogo mzee haisikii, nimeshaijaribu akiwa amelala. Inapoingia hewa nafunga soksi ya nailoni, kila Jumamosi naifua. Mapezi napiga brashi ya rangi.

Nimeamua KalmX. GB 2 kwa modeli zangu ni ndogo. Hela ya kujikimu ya bumu ilipanda mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini hiyo ni ya kula, siigusi. Natumia akiba ya PT.

Mdau anayepanda basi la Dar–Geita mwisho wa mwezi anishtue, anibebee. Mkononi lakini, sio kwenye buti! Soda yako ipo.