Kwa nini ninasoma jina la kambi kutoka kwenye karatasi

Mama mmoja aliniuliza juzi kwa nini, saa ya matangazo ya watu waliopotezana, ninageukia fishi ya karatasi wakati ordinateri iko mbele yangu. Nilimwahidi kujibu hapa.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba 2008. Watu wa Kibumba walikuwa wameshuka Kibati, kaskazini ya Goma, na mimi nilikuwa bado mwanafunzi tu wa redio. Majina tuliyaweka katika ordinateri ya zamani, ndani ya programu ambayo fundi wetu aliiandika kwa Turbo Pascal. Jioni moja kioo kilionyesha jina la mtoto, halafu: Mugunga. Nikasoma hivyo hivyo hewani. Kwenye fishi tulikuwa tumeandika Kibati. Mama yake alitoka mjini kwa miguu hadi Mugunga, akarudi mikono mitupu, akaja kuketi mlangoni kwetu. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Fundi alikesha, mimi nikimshikia taa. Alinieleza hivi: prosesa za familia ya Intel 8086, chini ya DOS, hazitumii namba moja kufikia mahali katika kumbukumbu. Zinachukua namba ya segmenti, zinaizidisha kwa 16, zinaongeza namba ya pili. Segmenti ni kama kartie, namba ya pili ni parseli. Rejista iitwayo DS ndiyo inayosema data za programu ziko kartie gani. Kompaila ya Pascal inaamini kwamba DS haijaguswa, haiangalii tena.

Sasa yeye, ili majina yatokee haraka kwenye kioo, alikuwa ameingiza mistari ya asembla katikati ya Pascal. Amri moja, LDS, inachukua anwani ya jina na kubadilisha DS papo hapo. Miezi mingi haikuleta shida, maana majina yalikaa katika segmenti ileile ya data: DS ilijazwa namba iliyokuwa nayo tayari. Lakini segmenti haipiti baiti 65,536. Watu walipozidi, fundi alihamishia orodha katika eneo jingine la kumbukumbu, na DS ikabaki huko. Mstari uliofuata wa Pascal ukataka namba ya kambi, ukasoma parseli sahihi katika kartie isiyo yake. Mara nyingi zilitoka takataka, nasi tulizima na kuwasha tena. Hilo ndilo linaloniuma: tulikuwa tumeona. Jioni ile takataka ikafanana na namba ya Mugunga.

Dawa ilikuwa mistari miwili: PUSH DS mwanzoni, kuiweka pembeni, na POP DS mwishoni, kuirudisha. Kompaila haikuwa imeonya kitu. Na baada ya LDS, aliniambia fundi, usiguse data nyingine ya programu mpaka DS irudi. Unayoihitaji ichukue mapema.

Kesho yake asubuhi nilisoma tangazo upya, mara tatu, fishi mkononi. Mama alikuwa anasikiliza palepale mlangoni. Hakungoja mara ya tatu.

Ordinateri ile ilishakufa. Fishi bado ninazishika. Mkizileta, andikeni jina la kambi kwa herufi kubwa, tafadhali. Mwandiko wa wengine unanishinda.