Sehemu ya 9: Foleni ya mbolea na mtoto mgongoni

Sehemu ya 8 niliwaahidi tutaongea uji wa mtoto. Uji utasubiri kidogo. Mvua zinakaribia, watu wameshaanza kuulizana "umeshahuisha taarifa zako za mbolea?", na mimi nimekumbuka jambo nililolifanya ambalo sijawahi kuliandika hapa. Nimeona bora niliseme.

Mnaukumbuka mwaka 2022? Vita ya Ukraine ilikuwa imeanza Februari, mbolea ikapanda mpaka watu wakawa wanacheka kwa uchungu. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulifika kama 131,000, urea kama 124,000. Tarehe 8 Agosti, Nane Nane pale Mbeya, Rais Samia akazindua mbolea ya ruzuku: DAP na urea zote 70,000. Hebu piga hesabu. Kwa mama wa ekari mbili anayechukua mifuko miwili ya kupandia na miwili ya kukuzia, hapo kabaki na zaidi ya laki mbili mkononi. Hiyo ni ada, ni sare, ni mafuta ya kupikia mpaka mavuno. Kwa hiyo asije mtu akasema nesi anaponda ruzuku. Siipondi. Mimi mwenyewe nalima.

Shida ilikuwa njia ya kuipata.

Desemba ile nilikuwa zamu ya kliniki. Akaja mama mmoja kutoka kijiji cha upande wa Sadani, mtoto ana miezi kumi na nusu. Naangalia kadi: chanjo ya surua ya miezi 9 hajapata. Namweka mtoto kwenye mizani, nachora: mstari uliokuwa kwenye kijani umeshuka kwenye kijivu. Na siku hiyo foleni ya kliniki ilikuwa ndefu, nimechoka, sijanywa hata chai. Nikamsema. Nilimsema mbele ya kina mama wenzake wote kwenye benchi. "Mwezi mzima na nusu mama, ulikuwa wapi? Mtoto anashuka hivi unaona ni sawa?" Bahati mbaya zaidi, chanjo ya surua siku hiyo ilikuwa imeisha, nikamwambia arudi wiki ijayo. Hakujibu kitu. Akasema tu, "Nisamehe nesi," akamfunga mtoto mgongoni akaondoka.

Siku tatu baadaye nilitoka zamu ya usiku asubuhi, nikasema nipitie kwa wakala mmoja hapa mjini nichukue mbolea yangu nikalale. Jamani! Nilifika saa moja asubuhi, nikakuta foleni ya watu na foleni ya mawe. Ndiyo, mawe. Kila jiwe ni mtu aliyeondoka kwenda kutafuta chai au kujisaidia, na pembeni ya mawe kuna ndoo, kandambili, vipande vya viroba. Nami nikatafuta jiwe langu.

Nikaona mgongo wenye mtoto. Akageuka. Ni yule yule.

"Kamwene dada nesi. Na wewe umekuja?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa ana siku ya pili pale. Usiku alilala barazani na wenzake kutoka vijijini, na baridi ya Mafinga mnaijua, hata Desemba mvua ikinyesha usiku unatetemeka. Mtoto tangu jana amekula andazi na chai ya rangi, na kunyonya. Na maziwa ya mama aliyeshinda na njaa mnayajua yanakuwaje.

Tukakaa kwenye foleni tukaongea, ndipo nikajua ile mwezi na nusu alikuwa wapi. Kwanza usajili. Kijijini mlijiandikisha kwa mtendaji na afisa ugani: jina, namba ya simu, ekari, zao. Baada ya hapo namba yako ya mkulima inakuja kwa ujumbe kwenye ile simu uliyoandikisha. Sasa siku yake ya kuandikishwa aliulizwa mkuu wa kaya ni nani. Akataja mume. Ikaandikwa simu ya mume. Mume yuko Chunya kwenye dhahabu, simu yake inapatikana siku akipanda kilimani. Shamba lote analilima huyu mama, kuanzia kukatua mpaka kuvuna, lakini namba ya shamba iko mfukoni mwa mtu aliye Chunya.

Alikwenda kwa mtendaji mara nne. Mara hayupo, mara yuko kwenye kikao. Siku moja kati ya hizo nne ndiyo ilikuwa siku ya kliniki ya mtoto wake. Alichagua. Na mimi ningechagua vilevile, kwa sababu mahindi yakikosa mbolea ya kupandia Desemba, huwezi kuyarudishia Machi, na huku kwetu msimu ni mmoja tu.

Saa nne mtandao ukakata. Saa nane ukarudi. Nikafika dirishani mimi kwanza, maana alikataa katakata nikae nyuma yake, "wewe umekesha na wagonjwa". Wakala akaingiza namba yangu. Ekari zangu mbili ziliandikwa 0.2. Nukta moja tu! Mbolea unapewa kulingana na ekari, kwa hiyo mimi nilistahili vikilo vya kuotesha bustani. Nilipandisha sauti. Mimi, ninayewaambia ninyi kila siku mtulie kwenye foleni, nilipandisha sauti mpaka mlinzi akasogea.

Yeye akasogea dirishani na kikaratasi. Namba alisomewa na mumewe kwa simu, mtandao unakatika-katika, akaandika kiganjani kisha karatasini. Haikukubali. Tarakimu moja ilikosewa, haijulikani ipi. Hakupandisha sauti. Alisema asante, akatoka pembeni akamgeuza mtoto kifuani amnyonyeshe.

Nililala saa ngapi siku ile sikumbuki. Nakumbuka tulitembea naye mpaka kituoni kwangu. Mwenzangu alikuwa amefungua chupa ya surua. Mjue, ile chupa ina dozi 10, ikishachanganywa inamwagwa baada ya saa 6, ndiyo maana vituo vingine vinawaambia mje siku fulani watoto wawe wengi. Lakini mtoto akishapitisha miezi 9 mlete siku yoyote, kituo chochote cha serikali, hata kama si kijiji chako. Chanjo ni bure. Mhudumu akikuzungusha, mwambie kwa upole kwamba umetoka mbali na mtoto amechelewa. Yule mtoto alichanjwa akalia, mama akacheka kwa mara ya kwanza.

Mbolea hakuipata kwa wakati. Alipanda na samadi ya jirani, na baadaye waliungana wanawake watatu wakagawana mfuko mmoja wa kukuzia.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka huohuo 2022 ulionyesha mkoa wetu wa Iringa una watoto waliodumaa kama asilimia 57 ya walio chini ya miaka 5, wakati taifa zima ni 30. Kwenye semina wanatuambia kina mama hawana elimu ya lishe. Mimi pia nilikuwa nafundisha hivyo. Siku hizi kabla sijamsema mtu namuuliza kwanza: wiki hii umelala wapi?

Basi kwa msimu huu, mama, kajiandikishe kwa laini yako mwenyewe kama shamba unalilima wewe. Ekari ulizotaja, simama hapohapo uone zimeandikwa ngapi, hasa nukta. Namba ikija, inakili kwenye karatasi, weka kwenye nailoni pamoja na kadi ya mtoto.

Yule mama alikuja mwezi uliopita na mtoto mwingine, wa miezi minne. Nikafungua kadi, karatasi ikadondoka. Namba ya mkulima, kwa jina lake, kwa laini yake. Nikamuuliza foleni siku hizi vipi. Akasema, "Bado ipo dada, ila sasa nasimama kwa namba yangu."

Sehemu ya 10 ni uji, kweli safari hii.