Kura ya Kofiani na Kura ya Sandukuni

Miaka yote niliyoshika chaki nilidhani maana ya neno "mpiga kura" naijua. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Katumba, huku kwetu Mpanda.

Neno kura asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kugawana kitu kwa bahati. Ndivyo nilivyolitumia shuleni nilipokuwa mwalimu mkuu: magodoro matano, wanafunzi kumi; vikaratasi kofiani, kila mmoja achomoe. Aliyekosa hakunung'unika, maana hakuna aliyemnyima. Neno hilo hilo likapewa pia kazi ya uchaguzi, hata tukawa na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililotumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa mwaka 2005.

Mzee huyo aliikimbia Burundi mwaka 1972, akiwa kijana. Katika makazi ya Katumba alilima, akaoa, akazika. Mwaka 2014 alipewa cheti cha uraia wa Tanzania. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipokaribia, alinijia na swali: "Mwalimu, tukishatumbukiza vikaratasi, nani anachomoa?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba hakichomolewi kitu. Karatasi zote huhesabiwa. Yeye hakucheka. Alisema kwa Kirundi kupiga kura ni gutora, neno ambalo pia lina maana ya kuokota. Unakiona ukitakacho, unainama, unakiokota mwenyewe.

"Miaka arobaini, Mwalimu, nimekuwa karatasi ya kofiani. Wenzangu ndio waliochomoa: rudi, baki, hama. Safari hii nataka kuokota."

Kicheko kilinikauka. Mimi ninapiga kura tangu mwaka 1975, na sikumbuki kama niliwahi kuinama nikaangalia ninachookota. Mara nyingi nilitia alama kama wale wanafunzi wangu wa magodoro: liwalo na liwe.

Neno letu silitaki libadilishwe. Limekwisha kuzoeleka, na maneno, kama watu, huhama kwao yakapata kazi mpya ugenini. Lakini Oktoba ile, ndani ya chumba cha kura, niliyasoma majina yote taratibu, moja baada ya jingine, ndipo nikaweka alama ya vema. Nilikawia hata karani akakohoa.

Nilimwacha akohoe.